Sura ya Mwovu: Ubashiri wa Mashabiki na Usawiri wa Mkinzani katika Filamu za Batman

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuanza kazi yake baada ya matini kukamilika. Riwaya huchapishwa, tamthilia huigizwa, ngano hutambwa, kisha mhakiki huja na mizani yake. Filamu za mashujaa wa vibonzo zimeivuruga taratibu hii. Pindi inapojulikana kwamba filamu mpya inatayarishwa, mashabiki huanza kujadiliana ni nani atakayepewa nafasi ya mhusika mwovu. Mwigizaji huyu hupendekezwa, yule hukataliwa, na mara nyingine hukumu hutolewa ilhali mswada haujasomwa na yeyote nje ya kundi la watayarishaji.

Wasomi aghalabu huyapuuza majadiliano haya kwa kuyaona kuwa porojo za vijana. Makala haya yanashikilia kwamba ubashiri huo ni uhakiki, na kwa hivyo unastahili kupimwa kama uhakiki wowote mwingine, yaani kwa ubora wa usomaji wake. Anayesema kwamba mwigizaji fulani "anafaa" kuwa mwovu anatoa dai kuhusu maana ya uovu katika hadithi. Udhaifu mkuu wa dai hilo ni kwamba mara nyingi hutokana na kuusoma uso wa mwigizaji badala ya kuisoma hadithi yenyewe. Mfano utakaotumiwa ni filamu tatu za Batman zilizoongozwa na Christopher Nolan kati ya 2005 na 2012. Katika utatu huo wabashiri walihadaiwa mara moja, wakakosea mara moja, na wakapatia mara moja.

2. Pengo na Upeo wa Matarajio

Wananadharia wa upokezi, hasa Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, walifundisha kwamba matini haikamiliki bila msomaji. Jauss alieleza kuwa kila msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali. Iser naye aliyasisitiza mapengo ambayo matini huyaacha ili msomaji ayajaze. Ubashiri wa mashabiki unadhihirisha mambo haya mawili kwa uwazi ambao ni nadra kuupata kwingineko.

Onyesho la mwisho la Batman Begins (2005) ni pengo lililoachwa kwa makusudi. Afisa wa polisi, Gordon, anamkabidhi Batman karata iliyopatikana mahali palipotendwa uhalifu, nayo ni karata ya Joker. Mhusika mwenyewe haonekani wala hasemi. Filamu inaishia hapo, na mtazamaji anatoka ukumbini akiwa amebeba jina lisilo na uso.

Hata hivyo, pengo hilo halikuwa tupu. Joker alikuwa ameishi katika vibonzo tangu 1940. Katika mfululizo wa televisheni ulioanza 1966 aliigizwa na Cesar Romero, ambaye alikataa kunyoa masharubu yake hata yakapakwa rangi nyeupe pamoja na uso. Mwaka 1989 nafasi hiyo ilishikwa na Jack Nicholson katika filamu ya Tim Burton. Kwa hivyo mashabiki walipokuwa wakibashiri, walikuwa wakilinganisha nyuso zijazo na nyuso zilizopita. Upeo wao wa matarajio ulikuwa umejaa sura.

3. Joker: Uso Usioeleza Kitu

Mnamo Julai 2006 ilitangazwa kwamba Heath Ledger, mwigizaji kutoka Australia, ndiye angekuwa Joker katika The Dark Knight. Mashabiki wengi walipinga vikali. Hoja yao ilijengwa juu ya kazi zake za awali: alikuwa amejulikana kwa vichekesho vya mapenzi kama 10 Things I Hate About You (1999), na kwa Brokeback Mountain (2005), filamu inayohusu mapenzi ya wanaume wawili wachunga mifugo. Baadhi ya upinzani huo ulikuwa dhihaka tupu kuhusu nafasi hiyo ya pili. Hapa ubashiri ulikuwa umekwisha kuacha kumzungumzia Joker. Ulikuwa umegeuka kuwa kauli kuhusu aina ya mwanamume ambaye hadhira ilikubali kumwogopa.

Ledger alifariki Januari 2008, miezi kadhaa kabla ya filamu kuanza kuonyeshwa. Februari 2009 alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora. Kutokana na ushindi huo imekuwa desturi kusema kwamba mashabiki "waliaibika". Kauli hiyo haitoshi kihakiki. Tuzo huthibitisha ubora wa uigizaji. Haielezi kosa la usomaji lilikuwa wapi.

Kosa hilo linafichuliwa na matini yenyewe. Joker wa filamu hii ana makovu yanayoanzia pembeni mwa kinywa. Anamsimulia mtu mmoja kwamba makovu hayo yalisababishwa na baba yake mlevi. Baadaye anamsimulia mtu mwingine kwamba alijikata mwenyewe kwa ajili ya mkewe. Masimulizi haya mawili hayapatani, na filamu haichagui lolote kati yake. Mtazamaji anayeutafuta uovu katika uso anapewa sababu mbili, kisha ananyang'anywa zote. Uso umewekwa mbele ya kamera, na bado haumwelezi mwenye nao.

Historia ya mhusika huyu inalitia nguvu jambo hili. Waliomuumba Joker waliathiriwa na picha ya Conrad Veidt katika filamu bubu ya 1928, The Man Who Laughs, iliyotokana na riwaya ya Victor Hugo ya 1869. Veidt aliigiza nafasi ya Gwynplaine, mtu aliyekatwa uso utotoni hata akabaki na kicheko cha kudumu. Lakini Gwynplaine si mwovu. Yeye ndiye aliyedhulumiwa, na uovu umo kwa wale waliomkata na kwa jamii inayomcheka. Sura ambayo mashabiki waliitetea kwa hamasa kana kwamba ni sura halisi ya uovu ilianza, basi, kama sura ya asiye na hatia.

4. Jina la Mashariki, Uso wa Magharibi

Kosa la kusoma uso si la mashabiki peke yao. Watayarishaji hulijua na hulitumia. Kabla ya Batman Begins kuonyeshwa, Ken Watanabe, mwigizaji wa Kijapani, alitajwa kuwa Ra's al Ghul, naye Liam Neeson, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alitajwa kuwa Ducard, mwalimu wa shujaa. Katika filamu inadhihirika kwamba yule wa kwanza alikuwa kivuli tu, na kwamba mwalimu ndiye Ra's al Ghul. Orodha ya waigizaji ilikuwa imegeuzwa kuwa sehemu ya msuko.

Hila hii ilifaulu kwa kuwa hadhira ilikuwa tayari kuamini kwamba jina la kigeni lazima liwe na uso wa kigeni. Jina lenyewe ni la Kiarabu. Sehemu yake ya kwanza, yenye maana ya kichwa, ndiyo iliyowapa Waswahili neno rasi, na jina zima lina maana ya kichwa cha zimwi. Mhusika huyu aliingia katika vibonzo mwaka 1971 akiwa mtu wa Mashariki. Kwa mtazamo mmoja, filamu inaikosoa hadhira kwa kuonyesha kwamba hatari ilikuwa katika uso iliouamini. Kwa mtazamo mwingine, inamnyima mwigizaji wa Mashariki nafasi kuu na kumwachia ile ya kinyago.

Mtanziko huu hauna suluhu rahisi. Kumpa mwigizaji Mwarabu nafasi hiyo miaka michache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kungeimarisha dhana potovu inayomfungamanisha Mwarabu na ugaidi. Kumpa Mzungu kunafuta asili ya mhusika. Bane alizua swali la namna hiyo hiyo. Katika vibonzo vya 1993 anatoka Santa Prisca, kisiwa cha kubuni cha Karibi chenye utamaduni wa Kilatini. Katika The Dark Knight Rises (2012) aliigizwa na Tom Hardy, Mwingereza, huku sehemu kubwa ya uso ikiwa imefunikwa. Swali la nani "anafaa" kuwa mwovu ni swali la kiitikadi, hata linapoulizwa kwa mzaha.

5. Miranda Tate: Ubashiri Uliosoma Hadithi

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba Marion Cotillard, mwigizaji wa Kifaransa, angeigiza Miranda Tate, mjumbe wa bodi ya kampuni ya Wayne aliye tayari kumsaidia shujaa. Mashabiki hawakukubali maelezo hayo. Walidai kwamba Miranda si mwingine ila Talia, binti wa Ra's al Ghul. Filamu ilipoonyeshwa mwaka 2012, walikuwa sahihi.

Inafaa kuuliza kwa nini walipatia hapa ilhali kwa Ledger walikosea. Safari hii hawakutegemea zaidi uso wa Cotillard. Walikumbuka kwamba katika vibonzo baba huyo ana binti. Kwamba filamu ya kwanza ilimwua baba bila kuimaliza hoja yake. Na kwamba mwongozaji alikuwa amekwisha kumficha mwovu nyuma ya jina la mwandani. Huo ni usomaji wa muundo, wa mwingilianomatini na wa mtindo wa msanii. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na ndivyo utatu huu unavyoanza na kumalizika: mwalimu anamsaliti mwanafunzi, na mpenzi anamchoma kisu shujaa.

Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki inatoa kipimo cha ziada. Katika ngano, fanani mmoja huwa wahusika wote, na zimwi huja kwa sauti na kwa mwendo. Katika ngano ya msichana anayewakataa wachumba wote, zimwi linakuja likiwa kijana mzuri kupita wote kijijini. Hadhira inalitambua kabla ya msichana, nayo hulitambua kwa matendo. Hadhira hiyo imefunzwa na utanzu wake kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

6. Hitimisho

Ni kweli kwamba ubashiri huu una mnunuzi wake. Mwaka 2007, katika kampeni ya kuitangaza The Dark Knight, mashabiki walishirikishwa hata picha ya kwanza ya Joker ikafichuliwa kipande kwa kipande kwa ushiriki wao. Hamu yao ya kufasiri ilifanywa kuwa nguvukazi isiyolipwa. Hata hivyo, kutumiwa na soko hakuufuti uhakiki, kama vile kuuzwa kwa riwaya kusivyoifuta riwaya.

Kinachobaki ni wajibu wa usomaji. Mashabiki walipokisoma kisa, walimtambua mwovu aliyefichwa na waliomtunga. Walipousoma uso, waliziona chuki zao wenyewe na kuziita Joker. Tofauti hiyo haihusu filamu peke yake, kwa maana jamii inayozoea kumtambua mwovu kwa sura, kwa jina au kwa lafudhi huenda ikamfungulia mlango mwovu halisi anayebisha hodi kwa adabu.