Mashine Pacha au Mashine ya Akiba?

Wasomaji wetu wa Ibaba na wa milima ya Ileje wajua ya kuwa mtu asemapo, "Nakwenda mashineni," anakwenda kusaga mahindi. Neno mashine limekwisha kuzoea vinywa vyetu. Lakini fundi aletapo mashine mbili za namna moja kwa kazi moja, kama pampu mbili za maji kwa kisima kimoja, majina huanza kushindana. Mmoja huziita mashine pacha. Wa pili huiita ile nyingine mashine ya ziada. Wa tatu asema mashine ya akiba. Twaona yafaa kuyapima majina haya, maana jina likipotoka, hata utunzaji hupotoka.

Tuanze na pacha. Pacha ni watoto wa mimba moja. Neno hili laeleza kufanana na kuzaliwa pamoja, wala halisemi lolote juu ya kazi. Meli za MV Njombe na MV Ruvuma, zilizojengwa katika bandari ya Itungi, Kyela, na kukamilika mwaka 2017, zastahili kuitwa pacha, kwa kuwa kila moja iliundwa kuchukua tani 1,000 za mizigo. Lakini hakuna iliyoundwa ili ikae ikingoja mwenziwe aharibike. Tena tutazame desturi za kale. Bibi Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya matambiko ya Wanyakyusa, jirani zetu, alieleza jinsi kuzaliwa kwa pacha kulivyotiwa hofu, na wazazi pamoja na watoto wao kufanyiwa matambiko. Jambo lilikuwa la wote pamoja. Hakuwekwa mmoja kando kuwa badala ya mwingine. Basi anayesema mashine pacha ametuambia kwamba zafanana, lakini hajatuambia ipi yafanya kazi na ipi yangoja.

Neno ziada lina hatari kubwa zaidi. Ziada ni kile kipitacho kipimo. Waingereza wana neno lao la ufundi kwa mashine za namna hii, lenye asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni maji kufurika. Neno lilo hilo hulitumia kwa mfanyakazi aliyeachishwa kwa kuwa kazi yake haihitajiwi tena. Mfasiri anayeandika ziada amelifuata neno, ameiacha maana. Tuseme kamati ya maji ya kijiji inasoma katika daftari, "pampu moja ya ziada." Mjumbe mmoja atauliza, wala hatakosa haki: "Ikiwa ni ya ziada, mbona tusiiuze?" Nayo itauzwa. Kisha pampu ya kwanza itakufa katikati ya masika, njia ya kwenda Itumba ikiwa utelezi mtupu, na akina mama watarudi mtoni na ndoo zao. Kosa hilo litakuwa limeanzia katika kalamu ya mwandishi.

Sisi twachagua akiba, yaani kitu kilichowekwa kando kwa haja ijayo. Dereva wa lori pale Tunduma, akingoja zamu yake ya kuvuka mpaka, ana tairi la akiba, aliitalo spea. Hakuna amwambiaye aliuze kwa kuwa haliviringiki leo. Kila mtu afahamu kwamba kazi ya tairi lile ni kungoja.

Hata hivyo neno akiba nalo lataka hadhari. Wahenga wamesema, "Akiba haiozi." Kwa nafaka na fedha tutawasadiki, kwa mashine sivyo. Chuma hushika kutu, mpira hukauka, na betri hufa hali imekaa tu. Mashine ya akiba isiyowashwa mara kwa mara ni jina bila kitu.

Tena akiba iliyowekwa ghala moja na mali yenyewe huungua pamoja nayo. Ushahidi ni wa Japani, tarehe 11 Machi 2011. Katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi, tetemeko la nchi lilikata umeme wa nje, na jenereta za akiba zikawaka kama ilivyopasa. Baada ya muda usiotimia saa nzima likaja wimbi la tsunami. Nyingi za jenereta hizo zilikuwa katika vyumba vya chini, zikafurikiwa. Iliyoendelea kufanya kazi ni moja tu, ya tanuri la sita, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu zaidi. Viini vya matanuri matatu vikayeyuka. Zile zilizofanana na kukaa pamoja zilikufa pamoja. Iliyotofautiana na wenzake ikapona.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Tuseme pacha tunapotaka kueleza kufanana tu. Mashine mbili zifanyazo kazi kwa wakati mmoja na kugawana mzigo, tuziite jozi. Ile ingojayo, tuiite ya akiba. Ziada tuliachie lile ambalo kweli twaweza kuishi bila ya kuwa nalo. Na mwandishi wa kamati aandikapo "pampu ya akiba," kando ya neno hilo aandike tarehe ilipowashwa mara ya mwisho.