Paa la Mkunazini lisilo na boriti

Kuanzia Lamu hadi Mocímboa da Praia, aliyepima chumba cha nyumba ya mawe ni mkoko. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na juu yake kuna mzigo mzito wa mawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba.

Ingia Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, uinue macho. Upana unapita mita nane, wala huoni boriti hata moja. Juu limejikunja tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, kutoka ukuta hadi ukuta.

Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa lililokuwa hapo hapo. Msimamizi alikuwa Edward Steere, mtu wa sarufi na kamusi, aliyepewa uaskofu mwaka uliofuata.

Steere alichukua matumbawe, jiwe lile lile la pwani, akayaponda na kuyachanganya na saruji iliyokuja kwa meli. Zege hilo likamwagwa juu ya kiunzi cha mbao kilichokwisha kupindwa umbo la tao. Hapa ndipo penye hatari: tao huzisukuma kuta zitoke nje, na ukuta wa matumbawe hubeba uzito vizuri lakini haupendi kusukumwa ubavuni. Kinga yake ni kuta nene, na zege lenyewe, ambalo likishakauka hushikamana likawa kipande kimoja. Inasimuliwa kwamba watu walingoja kwa hofu siku ya kuondoa mbao, wakiamini paa litaanguka. Halikuanguka.

Mafundi nao waliacha alama yao. Karibu na mlango zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husemwa kwamba Steere hakuwapo siku ziliposimamishwa, na aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Zitazame kwa karibu: nakshi ya kichwa cha nguzo imekaa sakafuni, usawa wa miguu ya waumini.

Adui wa paa hili amekuwa maji. Mvua hupenya kwenye nyufa, na unyevu wenye chumvi huila kazi taratibu. Ukarabati mkubwa, kwa ushirikiano na World Monuments Fund na fedha za Umoja wa Ulaya, ulikamilika 2016. Steere mwenyewe alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare, chini ya tao lake.