Nafasi ya Mtunzi wa Muziki wa Filamu: Funzo kwa Idjwi na Bukavu

Uhakiki wa filamu za Kiafrika umezoea kumtaja mwongozaji na waigizaji, huku mtunzi wa muziki akiachwa kando. Kwa kijana wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, au wa Bukavu, anayeanza kazi hiyo, pengo hili si dogo: asiyetajwa hajulikani, na asiyejulikana haitwi kazini.

Mfano wa karibu ni La Vie est belle (1987), filamu iliyoongozwa na Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Papa Wemba anaigiza Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayekwenda Kinshasa akitumaini kupata sifa. Nyimbo ndizo uti wa mgongo wa filamu hiyo. Lakini zinasikika kwa kuwa mhusika mwenyewe ni mwimbaji. Muziki unaotungwa kwa ajili ya picha ni kazi nyingine. Wimbo humtaka mtazamaji asikilize. Muziki wa filamu humsaidia kuona. Aidha, Papa Wemba aliingia katika sinema akiwa tayari na jina, ngazi ambayo mtunzi chipukizi hana.

Kenya inatoa mfano wa pili. Wimbo “Kothbiro” wa Ayub Ogada, uliomo katika albamu yake ya 1993, ulitumiwa katika The Constant Gardener (2005). Mtunzi wa muziki wa filamu hiyo alikuwa Alberto Iglesias wa Hispania, naye ndiye aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Tuzo hiyo humtambua aliyeufungamanisha muziki na picha tangu mwanzo hadi mwisho, si mwenye wimbo mmoja, hata ukipendwa namna gani.

Kwa hiyo mtunzi wa Idjwi asiridhike kuwa ghala la sauti za wengine. Lulanga, ala ya nyuzi ya Washi, ikipigwa kama pambo tu hubakia alama ya mahali. Ikibeba kimya cha mama anayengoja mtumbwi jioni, inasimulia. Watengenezaji wa filamu wanaofika Kivu nao hawana budi kumshirikisha mtunzi tangu mswada unapoandikwa. Wahakiki, kwa upande wao, wanapochambua fani, wauhesabu muziki pamoja na wahusika na mandhari, na wamtaje aliyeutunga.