Ushauri nasaha ufukweni: kwanza soma maji

Chumba cha ushauri nasaha kina kasoro moja ambayo wataalamu wengi wanaijua na wachache wanaitaja: viti viwili vinavyotazamana. Mvuvi wa Shangani, Mtwara, aliyezoea kuongea huku mikono yake ikishona nyavu, ukimkalisha mbele ya meza na kumkazia macho, atakwambia anaumwa kichwa na hapati usingizi. Baada ya hapo atanyamaza, nawe utaandika dawa ya kichwa.

Tiba ya kutembea na kuzungumza inalenga kasoro hiyo. Mnakwenda bega kwa bega, macho yako mbele, na kimya cha dakika mbili hakimtii mtu aibu kwa sababu miguu ina kazi yake. Miaka ya 1970, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thaddeus Kostrubala, alikuwa akikimbia pamoja na wagonjwa wake, na mwaka 1976 akatoa kitabu kuhusu mbio hizo. Waliokuja baadaye wakapunguza mwendo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 38. Waliotembea dakika 90 penye nyasi na miti walipungukiwa na ile hali ya kurudiarudia mawazo mabaya. Waliotembea kando ya barabara yenye magari hawakupungukiwa. Ila hao 38 ni wachache, tena walikuwa wazima wa afya.

Ushahidi mzito wa ushauri wa nje ya chumba uko Harare, na kule watu hawakutembea hata hatua moja. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda hakupata nafasi ndani ya kliniki ya Mbare, akaweka benchi nje na kuwafundisha bibi 14 wa mtaani. Matokeo ya jaribio lililofuata, lenye watu 573 katika kliniki 24, yalichapishwa Desemba 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona ni takriban asilimia 14 kwa waliokaa benchini, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulikuja kuvuka hadi Zanzibar. Anayedhani ni hewa safi iliyowaponya watu wale aangalie bibi walifanya nini. Siku ya kwanza mtu anataja shida zake zote. Anachagua moja. Wanapanga pamoja hatua ndogo ya kuchukua wiki hiyo, naye akirudi anaeleza hatua hiyo imefikia wapi, kwa vikao visivyozidi sita. Matembezi yasiyo na mpangilio huo ni kupunga upepo, na kupunga upepo hakuhitaji mshauri.

Hata kwetu, kutibu nje ya kuta si jambo geni. Hospitali ya Lutindi, kule milima ya Usambara, imewapokea wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na kazi ya shamba la chai ni sehemu ya tiba yao.

Sasa tuushushe mpango wa bibi wale, safari hii kwa kutembea, kwenye ufukwe wa Mtwara. Vikao hupangwa kila wiki, siku ileile, saa ileile. Pwani haikubali. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ndani ya siku saba yanakuwa yamesogea karibu saa sita. Mteja aliyekuta ufukwe mpana wiki hii, wiki ijayo saa hiyohiyo atakuta mawimbi yanapiga kwenye mizizi ya minazi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, pwani hii hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, mchana na usiku vivyo hivyo. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mambo hugeuka. Basi mshauri anayejua kazi yake huweka vikao vya asubuhi, saa moja, katika wiki ya bamvua, maji yakiwa yanashuka, na vya saa kumi na moja jioni katika wiki ya maji mafu. Jambo hili mwanamke yeyote anayekwenda kuokota chaza atakufundisha bila malipo.

Mchanga nao una masharti. Ule mkavu wa juu unazamisha mguu. Baada ya mita mia tatu mtu anahema, na anayehema hasimulii. Tembeeni kwenye mchanga uliotoka kuachwa na maji, ulio mgumu, kwa mwendo ambao mtu anaweza kumaliza sentensi ndefu bila kukata pumzi. Upepo ukitoka baharini, mteja akae upande wa bahari: sauti yake inaletwa kwako, nawe unamkinga na macho ya watu wa nchi kavu.

Macho hayo ndiyo tatizo kubwa kuliko jua. Mtwara huwezi kupita bila salamu, na kila shikamoo ina swali nyuma yake: mnatoka wapi, mnakwenda wapi? Kabla ya kuanza, mkubaliane atajibu nini. Mteja ndiye aitikie, mshauri asijitambulishe, na mada ikatike mpaka mtu apite. Mwanamume na mwanamke wasiokuwa ndugu wakionekana wakitembea wawili kila wiki, mtaa utakuwa na habari kabla ya kikao cha tatu. Wateja wapangiwe washauri wa jinsia moja nao. Ni rahisi kuliko kupambana na mtaa.

Kuna wasiofaa kabisa kutembezwa juani. Klopromazini huifanya ngozi iungue haraka na kuuvuruga mwili usiweze kujipoza. Amitriptilini hupunguza jasho na inaweza kuleta kizunguzungu. Muulize mtu anameza nini kabla ya kumwuliza anafikiria nini, na chupa ya maji isikosekane.

Muulize pia maji, ya bahari au ya mto, yana maana gani kwake. Kwa aliyekimbia vita ya Cabo Delgado, Msumbiji, iliyoanza 2017, au mwenyeji wa kijiji cha Kitaya aliyeshuhudia shambulio la Oktoba 2020, kumpeleka ukingoni mwa mto Ruvuma kwa jina la utulivu ni ukatili, achilia mbali mamba na viboko. Huyo mpe njia ya chini ya mikorosho.

Na wewe usiye mtaalamu, unayemtoa rafiki yako jioni ili apunguze mawazo, endelea. Sikiliza zaidi ya unavyoshauri. Ila akitamka kwamba hataki tena kuishi, matembezi yaishie hapo. Usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mfikishe hospitali ya Ligula au kituo cha afya kilicho karibu.