Ufundi wa Kumsikiliza Mtu

Katika ploti za Kayole na Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, nyumba mbili hugawana ukuta mmoja na siri zake zote. Jirani akikohoa, anasikika. Akigombana na mkewe, ploti nzima ina habari kabla ya chai ya asubuhi. Ndiyo maana mhudumu wa afya ya jamii anayeijua kazi yake hamhoji mama mlangoni. Humwomba waandamane hadi kituo cha afya, au wakae kanisani siku isiyo ya ibada. Simu huzimwa. Viti hupangwa kimshazari, ili anayesema awe na mahali pa kutupia macho asipotaka kutazamwa. Maswali huanza na mambo ya kawaida: usingizi unakuja? Chakula kinapita? Kisha mhudumu hunyamaza, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza.

Ufundi huu umepitia mikono mingi. Sigmund Freud aliupa jina kubwa kule Vienna, lakini mmoja wa waliounyoosha alikuwa Mskoti aliyefanya kazi mbali na makundi ya wachanganuzi wakubwa wa London. Ronald Fairbairn alizaliwa Edinburgh mwaka 1889, akapigana Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akasomea udaktari na kuwa mchanganuzi wa nafsi katika mji wake huohuo hadi alipofariki mwaka 1964. Freud alishikilia kwamba binadamu husukumwa na kutafuta raha. Fairbairn alisema la: mtu kwanza humtafuta mtu mwenzake. Vilipozuka Vita Vikuu vya Pili, alipokea wanajeshi waliovunjika moyo vitani, na alichokisikia kwao zaidi ya woga wa risasi kilikuwa uchungu wa kutengwa na wa nyumbani kwao.

Lakini somo lake zito lilitoka kwa watoto. Katika kliniki ya Edinburgh alikutana na watoto waliopigwa na kudhulumiwa na wazazi wao, na akashangaa kwamba hawakutaka kuwasema vibaya. Walikuwa radhi kujilaumu wenyewe. Kwa mtoto, ni nafuu kujiona mkosaji kuliko kukubali kwamba mzazi anayemtegemea ndiye mbaya, maana akiuvunja mguu anaousimamia, hana mwingine. Mshauri yeyote wa Eastlands aliyekaa na kijana wa aina hiyo anajua ukweli huu: ukimharakishia hukumu ya kwamba babake ni mkatili, atamtetea babake na kufunga mdomo. Fundi husubiri kijana afike hapo kwa miguu yake.

Nairobi imewahi kuonja kinyume cha ufundi huu. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyo kando ya Barabara ya Thika, ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 ilisimamiwa kwa zaidi ya miaka kumi na J. C. Carothers, daktari aliyekabidhiwa kazi hiyo bila kusomea utabibu wa akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti wake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo wa mbele. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau: vita vya ardhi na uhuru vikageuzwa wasiwasi wa watu waliopotelewa na mila. Mwezi Aprili mwaka huohuo wa 1954, wanajeshi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kuisaka mitaa ya Waafrika ya Eastlands. Watu walipitishwa mbele ya gakunia, msaliti aliyefunikwa gunia. Kichwa cha gakunia kikitikisika, mtu alipelekwa kizuizini, wala hakuna aliyetaka kusikia lake.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyepinga ukoloni, alimjibu Carothers kwa ukali mwaka 1961. Jibu la pili limetoka kwa watu wa kawaida wa jiji hilihili. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wanawake 421 wa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliowasikiliza hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa na kusimamiwa, wakakutana na kila mama mara tano tu. Dhiki ya waliosikilizwa hivyo ilipungua zaidi kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Mafunzo hayo hayafundishi maneno matamu. Yanafundisha kutomkatiza mtu, kutomhubiria, kutompa mawaidha ambayo hajayaomba, na kutotoka na siri yake.

Hilo la mwisho lilikuwa na uzito wa kisheria. Hadi Januari 2025, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Nani angekiri mbele ya mgeni jambo la kumpeleka kortini? Mwezi huo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Sasa imebaki zamu ya walio na fungu la fedha. Mwaka 2023 Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hao ndio wanaotarajiwa kuibeba mizigo ya Umoja, Kariobangi na Mathare. Kaunti ya Nairobi iwape chumba chenye mlango unaofungika, msimamizi wa kuwasikiliza wao pia, na malipo yanayolingana na kazi ya fundi.