Kirutubisho, Mmeng'enyo na Lehemu: Uhakiki wa Kiswahili cha Vipeperushi vya Mitishamba

Katika maduka ya dawa za asili ya miji yetu vipo vipeperushi vingi vinavyowahimiza akina mama waliopita umri wa miaka 50 watumie unga, vidonge na mbegu za mitishamba kwa ajili ya sukari, mafuta ya damu na unene wa tumbo. Makala haya hayakusudii kuihukumu mitishamba yenyewe. Kazi hiyo ni ya waganga na wakemia. Yanakusudia kuhakiki lugha, hasa ya kipeperushi kimoja chenye kurasa nne ambacho kinafanana na vingine vingi. Ni dhahiri kwamba sehemu kubwa yake imefasiriwa kutoka Kiingereza, na katika kufasiriwa maana imegeuka kiasi cha kuweza kumdhuru msomaji.

Tuanze na jina la bidhaa, yaani kirutubisho. Neno hili limetokana na kitenzi rutubisha, ambacho mkulima anakijua vema: mbolea hurutubisha ardhi. Ndani yake mna wazo la kupewa kilichopungua. Lakini uwatu, mmea wa kwanza katika orodha ya kipeperushi, mgonjwa wa kisukari hautumii ili apewe kitu. Huutumia ili sukari ya damu ishuke. Majaribio kadhaa, mengi yao madogo, yameonyesha kwamba mbegu zake zaweza kuishusha kwa kadiri fulani. Basi mama ameze glibenklamidi aliyoandikiwa hospitali, kisha aongeze vijiko vya uwatu kwa kuwa ni "lishe tu". Sukari yaweza kushuka kupita kiasi, akatetemeka, akatokwa jasho, hata akapoteza fahamu. Nani aonaye haja ya kumwarifu daktari kwamba anakula lishe?

Ugumu unazidi kwa sababu tunalo pia neno kirutubishi, ambalo wataalamu wa lishe hulitumia kwa protini, vitamini, madini na mfano wa hayo. Irabu moja ya mwisho haiwezi kubeba tofauti kubwa namna hiyo, na maneno hayo mawili huchanganywa kila siku. Mwandishi anaona ni heri kirutubishi kibaki kwa yaliyomo katika chakula, na bidhaa inayoongezwa juu ya chakula iitwe kijalizo, kutokana na jaliza. Watakuwapo watakaosema kwamba kijalizo kimekwisha kuchukuliwa na wanasarufi. Ni kweli, lakini mwanasarufi na mwuza vidonge hawakutani mara nyingi katika sentensi moja. Hata hivyo, mmea wenye kubadili sukari ya damu hautoshelezwi na jina hilo. Huo uitwe dawa ya mitishamba, jina ambalo bibi zetu hawakulionea haya.

Neno la pili ni mmeng'enyo. Kipeperushi chaahidi "kuimarisha mmeng'enyo wa mwanamke mtu mzima", ambapo asili ya Kiingereza bila shaka ilikuwa ikizungumzia umetaboli. Mmeng'enyo ni kazi ya kinywa, tumbo na utumbo ya kusaga na kuvunjavunja chakula. Umetaboli ni mabadiliko ya kikemia yanayofanyika ndani ya seli za mwili, yakiwamo kutumia sukari, kuhifadhi mafuta na kujenga misuli. Homoni ya estrojeni ipunguapo baada ya hedhi kukoma, mafuta huelekea kujikusanya tumboni na kolesteroli mbaya hupanda katika damu. Hayo hayatokei utumboni. Msomaji aliyeambiwa mmeng'enyo atatazamia kupata choo kizuri, na akikipata ataamini kwamba sukari yake nayo imetengemaa, wala hataona sababu ya kwenda kupima. Umetaboli ni neno geni masikioni, lakini mwenye kulisikia atauliza maana yake; mmeng'enyo hakuna aulizaye.

Kwa upande wa lehemu, lawama si ya vipeperushi peke yao. Fundi bati alikuwa na neno hili kabla ya mwandishi wa afya: ni ile metali laini inayoyeyushwa kwa moto ili kuunga au kuziba. Waandishi wa afya wakalichukua kwa maana ya kolesteroli, nalo limeenea. Pamoja na neno likaja na wazo la mshipa ulioganda metali ndani. Na kwa kuwa lehemu ya fundi huyeyuka, kipeperushi hakikupata taabu kuahidi kwamba kijiko kimoja asubuhi "huyeyusha lehemu yote mwilini". Laiti ingeyeyuka yote, mama huyo asingeishi, kwani kolesteroli ni sehemu ya utando wa kila seli, na estrojeni yenyewe hutengenezwa kutokana nayo. Ajabu ni kwamba ukurasa wa tatu wa kipeperushi hicho hicho waahidi kuongeza homoni za kike! Tunapendekeza lehemu arudishiwe fundi, na sisi tuandike kolesteroli.

Vitenzi navyo vimepotoka. Bidhaa mojawapo imetoka Marekani, ambako sheria ya mwaka 1994 humruhusu mtengenezaji kusema kwamba kijalizo husaidia kudumisha hali fulani ya mwili, kwa sharti kwamba aandike kuwa hakikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Maneno hayo ya tahadhari hayakufasiriwa kabisa, na "husaidia kudumisha" imekuwa "huponya". Kiswahili hakikukosa ngazi: husaidia, hupunguza, hutuliza, hutibu, huponya. Anayetibiwa si lazima apone, na kila mzungumzaji analijua hilo.

Kuhusu ukomo wa hedhi hatuna ugomvi na istilahi, ila mpiga chapa awe mwangalifu. Mara mbili katika kurasa nne imechapwa "ukoma wa hedhi".

Limebaki jina la mmea. Kipeperushi kimeandika "mdalasini, vijiko viwili kila siku". Mdalasini wa Zanzibar na wa Sri Lanka ni Cinnamomum verum, wenye kumarini kidogo sana. Kasia wa China, ambao sokoni huitwa mdalasini vile vile, una kumarini nyingi, nayo ikizidi yaweza kudhuru ini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani miligramu 6 kwa mama wa kilo 60. Jambo hili mfasiri hawezi kulitatua kwa kamusi. Hana budi kumwuliza mwenye bidhaa ni mdalasini upi, na kuliandika jibu pamoja na jina la Kilatini.