Hongera Fundi Usiyeachia Gesi Hewani

Gari kuukuu likiletwa kubadilishwa kompresa ya AC, njia ya mkato ni kulegeza mpira na kuiacha gesi itoke. Ni dakika chache tu, na hakuna anayeona kitu. Nampongeza kwa moyo wote fundi anayeikataa njia hiyo.

Kwanza huitambua gesi. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, inayoharibu tabaka la ozoni. Yaliyofuata yakapewa R-134a, isiyodhuru ozoni, ila kilo moja yake huipasha dunia joto zaidi kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa. Gesi hizo hazichanganywi katika mtungi mmoja.

Kisha hufunga geji, mpira wa buluu upande wa presha ndogo, mwekundu upande wa presha kubwa, na mashine huvuta gesi hadi kwenye mtungi uliowekwa juu ya mizani. Mtungi haujazwi kupita asilimia 80, maana kimiminika hutanuka kikipata joto na unaweza kupasuka. Mshale wa geji ukishuka, fundi huzima mashine na kusubiri. Ukipanda tena, anajua kuna gesi iliyobaki ndani ya mafuta ya kompresa, anavuta upya. Kwangu mimi, subira hiyo ndiyo ufundi wenyewe.

Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda ozoni, na marekebisho yake ya Kigali ya 2016 ya kupunguza gesi kama R-134a, hutekelezwa kwa mikono kama hii. Mwenye gari, ukimpata fundi wa namna hiyo, mlipe muda wake wote.